Una bwawa nyumbani? Ukuta wa mwizi haumlindi mtoto

Msomaji mmoja wa safu hii, mkazi wa Goba jijini Dar es Salaam, ameniandikia ujumbe ambao nimeusoma mara tatu. Anasema amehamia kwenye nyumba yake mpya mwaka huu. Nyuma ya nyumba kuna bwawa la kuogelea. Ana watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine ndiyo kwanza ameanza kutembea. Mke wake anataka bwawa lizungushiwe uzio. Fundi anasema hakuna haja, kwa kuwa kiwanja chote kina ukuta wa futi nane na fensi ya umeme juu yake, na uzio mwingine ndani utaharibu mandhari. Anamalizia: "Daktari, nani yuko sahihi?"

Mke wako yuko sahihi.

Ningeweza kuishia hapo, ila najua uzio ni fedha, na najua kwamba uzio uliotengenezwa vibaya huwapa wazazi usingizi wasiostahili kuupata. Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na shinikizo la damu kwa wajawazito. Mada hiyo itasubiri, maana likizo ya shule inakaribia, na likizo ndiyo wakati nyumba zenye mabwawa hujaa watoto wa ndugu, wa majirani na wa marafiki.

Nianze na mtoto mmoja. Nitabadilisha mambo machache ili familia isitambulike. Nilikuwa zamu ya mchana katika kitengo cha dharura, Jumapili, saa nane hivi. Gari liliingia likipiga honi, akashuka mwanamume aliyelowa nguo zote, amebeba mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu. Mtoto hakuwa anapumua. Tulifanya yote tunayopaswa kufanya, na baada ya muda moyo wake ulirudi kupiga. Pale mapokezi watu walimshukuru Mungu kwa sauti. Sisi tuliokuwa ndani hatukusema kitu, kwa sababu tulikuwa tumeshaziangalia mboni za macho yake.

Moyo wa mtoto ni mgumu kuliko watu wanavyodhani, lakini ubongo sio. Ukikosa oksijeni kwa dakika nne, tano, sita hivi, seli zake huanza kufa, na seli za ubongo zikishakufa hazioti tena. Mtoto yule yuko hai. Hatembei, hasemi, analishwa kwa uangalifu asipaliwe. Mama yake aliacha kazi. Nilipokutana naye mara ya mwisho aliniambia jambo moja ambalo ndilo sababu ya makala hii: "Daktari, ule ukuta wetu hata paka hawezi kuuruka."

Na ni kweli, hata paka hawezi. Ukuta ule ulijengwa kwa ajili ya mtu anayetoka nje. Mtoto hakutoka nje, alitoka sebuleni. Mlango wa kuteleza wa kioo ulikuwa umeachwa wazi kiasi cha shibiri moja ili upepo upite, baba alikuwa akiangalia mpira, mama alikuwa jikoni, dada wa kazi alikuwa anaanua nguo upande wa pili wa nyumba. Watu watatu wazima, wote wapo nyumbani, wote wana akili timamu, na kila mmoja alidhani mtoto yuko na mwenzake.

Hapo ndipo penye kosa la fundi wetu wa Goba, na hayuko peke yake. Tunapojenga tunafikiria mwizi. Tunapandisha ukuta, tunaweka vioo vilivyovunjika au nyaya za umeme, tunaajiri mlinzi, kisha tunaliacha bwawa wazi hatua kumi kutoka kwenye kochi. Lakini mtoto anayezama kwenye bwawa la nyumbani, mara nyingi kabisa, tayari yumo ndani ya ukuta. Ni mtoto wa mwenye nyumba, mjukuu aliyekuja kusalimia, mtoto wa mgeni, mtoto wa dada wa kazi.

Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi katika nchi ambazo mabwawa ya nyumbani ni ya kawaida, hasa Australia na Marekani. Watafiti walilinganisha nyumba za aina mbili. Aina ya kwanza ina uzio wa pande tatu, yaani uzio au ukuta wa kiwanja umezunguka, na upande wa nne ni nyumba yenyewe, ambayo milango yake inafungukia bwawani. Aina ya pili ina uzio wa pande nne unaolizunguka bwawa peke yake na kulitenga na nyumba. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kinasema uzio wa pande nne unapunguza hatari ya mtoto kuzama kwa asilimia 83 ukilinganishwa na ule wa pande tatu. Sina dawa nyingi kwenye kabati langu zenye uwezo wa namna hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi liwe hili: upande wa nne uko wapi? Akikuonyesha ukuta wa nyumba yenye mlango, bado hajajenga uzio.

Kabla sijaingia kwenye vipimo, nieleze ni mtoto gani tunayemzuia. Ni mtoto wa kuanzia anapoanza kutambaa mpaka miaka minne au mitano. Kichwa chake ni kizito kwa kulinganisha na mwili, hivyo akiinama kuangalia maji au kuokota mpira, anatangulia kichwa. Akishaingia hapigi kelele. Hili watu hawaliamini mpaka liwapate. Kwenye filamu mtu anayezama anapunga mikono na kuita. Katika maisha halisi mtoto anayezama hana pumzi ya kuitia, mdomo wake unazama na kuibuka mara chache, kisha basi. Watu wamekaa mita tano wakila mishkaki na hawakusikia kitu. Ukisikia mzazi anasema "ningesikia akianguka," mwambie kwa upole kwamba hasingesikia.

Sasa uzio.

Urefu. Viwango vya Australia, ambavyo ni kati ya vikali zaidi duniani, vinataka usiopungua sentimita 120 kutoka ardhini upande wa nje, upande anaosimama mtoto. Kwa nyumba zetu, zenye watoto wa umri mbalimbali wanaofundishana kupanda, mimi ningekwenda mpaka 150 kama mfuko unaruhusu. Angalia pia ardhi. Kama udongo umepanda upande mmoja, au kuna ngazi ya baraza iliyo karibu, pima kutoka hapo juu, maana mtoto naye atasimama hapo juu.

Nafasi kati ya nondo na nondo. Isizidi sentimita 10. Mwili wa mtoto mdogo hupita mahali ambapo mtu mzima haoni upenyo. Usimwambie fundi "ziwe karibu karibu," kwa sababu karibu ya fundi na karibu ya mtoto ni vitu viwili. Kata kipande cha mbao chenye upana wa sentimita 10 kamili, mkabidhi, mwambie kisipite popote. Kipande hicho hicho kipitishe chini ya uzio. Kama chini ni mchanga, kama ilivyo nyumba nyingi za Kigamboni na Bahari Beach, mwagia zege ukanda mwembamba, la sivyo mbwa atachimba leo na mtoto atapita kesho.

Nondo za kulala. Hapa naomba mafundi wa kuchomelea wanisamehe. Mafundi wetu ni hodari, na wanapenda mapambo: maua ya chuma, duara, mikuki, mistari ya kulala. Dirishani inapendeza. Kwenye uzio wa bwawa, kila ua la chuma ni kidaraja cha kukanyaga. Nondo ziwe za kusimama, na mihimili ya kulala iwe miwili tu, mmoja chini kabisa na mwingine juu, ikipishana kwa sentimita 90 au zaidi, ili mtoto aliyesimama kwenye wa chini asiufikie wa juu kirahisi. Wavu wa senyenge wenye matundu makubwa ni mbaya kwa sababu hiyo hiyo. Vidole vya mguu vya mtoto wa miaka mitatu vinaingia kwenye tundu lile vizuri sana, nimewahi kumwona mmoja akipanda wavu wa uwanja wa mpira kama anapanda ngazi za nyumbani kwao.

Halafu kuna vitu vilivyo karibu na uzio, ambavyo hakuna fundi anayevihesabu. Kiti cha plastiki. Chungu cha maua. Ile mashine ya nje ya kiyoyozi. Jenereta. Ndoo iliyopinduliwa. Kreti la soda baada ya sherehe. Viwango nilivyovitaja vinataka eneo la sentimita 90 liwe wazi bila kitu cha kupandia. Viti vya plastiki ndivyo vinavyonisumbua zaidi kwa sababu mtoto wa miaka mitatu anaweza kukiburuta mwenyewe. Vikae ndani ya uzio au ndani ya nyumba, si katikati.

Sasa nije kwenye geti, na hapa nitakaa kidogo. Watu wanaponionyesha picha za uzio wao, wananionyesha nondo zinazong'aa. Mimi natafuta geti. Uzio mzuri wenye geti bovu ni sawa na kutokuwa na uzio, kwa kuwa mtoto hatapoteza muda wake kupanda nondo wakati kuna mahali pamefunguka.

Geti lifunguke kuelekea nje, mbali na bwawa. Mtoto husukuma. Akilisukuma geti la namna hii, analibana zaidi kwenye fremu yake. Lijifunge lenyewe, kwa bawaba zenye springi au kwa kifaa cha kurudisha mlango, na lijikomee lenyewe bila mkono wa mtu. Lijaribu kwa namna mbili. Lifungue mpaka mwisho uliachie. Kisha lifungue kidogo tu, upana wa kiganja, uliachie tena. Mageti mengi hufaulu jaribio la kwanza na kushindwa la pili, kwa sababu halina mwendo wa kutosha kugonga komeo. Komeo liwe juu, sentimita 150 kutoka ardhini, mahali ambapo mtoto hafiki hata akisimama kwenye vidole.

Na usinunue kitu cha kupitisha siku. Sisi tunaoishi pwani tunajua upepo wa chumvi unavyokula chuma. Bawaba iliyokuwa laini mwezi wa kwanza, baada ya masika moja inalia, baada ya mbili imeganda, na geti linabaki nusu wazi. Tafuta bawaba na komeo za chuma kisichoshika kutu au za plastiki ngumu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kila mwanzo wa mwezi, siku ile unayonunua umeme, tia grisi na urudie yale majaribio mawili.

Adui mwingine wa geti ni jiwe. Wageni wamekuja, watu wanaingia na kutoka na sahani, mtu anachoka kufungua, anaweka jiwe au tofali. Nimekwenda kwenye sherehe ya ubarikio kwenye nyumba yenye uzio mzuri kuliko wote niliowahi kuuona, na geti lake lilikuwa limezuiliwa na kreti la bia. Nililiondoa. Mwenye nyumba hakufurahi sana, lakini tumebaki marafiki.

Kuhusu malighafi, uchaguzi ni wako na wa mfuko wako. Chuma cha bomba za mraba kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu ndicho rahisi zaidi kupata, kwa sababu kila mtaa una fundi wa kuchomelea. Aghali kidogo ni alumini, lakini haishiki kutu, na kwa watu wa Mbezi Beach au Zanzibar hesabu hiyo inarudi baada ya miaka michache. Kioo kigumu kinapendeza na hakizuii mandhari, hivyo kinaweza kumaliza ugomvi wa Goba, ila hakikisha ni kile kinachovunjika vipande vidogo visivyokata, na kikae kwenye nguzo imara. Kuna pia uzio wa wavu wa kitambaa kigumu unaochomekwa kwenye matundu sakafuni na kuweza kuondolewa. Unafaa kwa nyumba ya kupanga, ambako mwenye nyumba hataki kuchimba. Tatizo lake ni hilo hilo la kuondolewa: ukiutoa Jumamosi kwa ajili ya wageni, Jumapili asubuhi nani ataurudisha?

Ukuta wa matofali siupendi. Unazuia mtoto, ndiyo, lakini unazuia na macho. Unataka kuona maji ukiwa jikoni. Michongoma nayo si uzio. Mtoto hupita chini yake anakopita kuku.

Wengine wataniuliza kuhusu vifuniko na kengele. Ufaransa ilitunga sheria Januari 2003 inayomtaka mwenye bwawa la binafsi lililochimbwa ardhini aweke angalau kimoja kati ya vifaa vinne: uzio, kengele ya tahadhari, kifuniko cha usalama, au banda linalofunika bwawa zima. Ni hatua nzuri kuliko kutofanya lolote. Lakini kama daktari siviweki vyote kwenye ngazi moja. Kengele inalia mtoto akiwa tayari majini, na kwetu umeme hukatika. Kifuniko cha usalama kinafanya kazi kikiwa kimefunikwa, yaani kinategemea mtu akumbuke kila mara anapotoka kuogelea. Na yale maplastiki mepesi ya buluu ya kutunza joto yasihesabiwe kabisa. Mtoto anayeyakanyaga anadhani ni sakafu, anazama, na plastiki inajifunga juu yake, usimwone hata ukipita. Uzio na geti linalojifunga vinafanya kazi hata siku ambayo kila mtu amesahau. Ndiyo sababu navitetea.

Na kama nyumba imeshajengwa, baraza linaishia ukingoni mwa bwawa na hakuna pa kupitisha uzio? Pima tena kabla hujakata tamaa, kwa sababu uzio hauhitaji nafasi kubwa, unahitaji upana wa mtu kupita. Ikishindikana kweli, basi kila mlango unaoelekea bwawani uwe na komeo juu, sentimita 150, na kifaa cha kujifunga, na madirisha ya chini yawe na grili. Ni chaguo la pili, na ulijue kuwa ni la pili.

Kuna hoja moja ambayo huja kila mara, nayo inaniudhi. "Tuna dada, kazi yake ni kumwangalia mtoto." Dada huyo huyo anapika, anafua, anadeki, anafungua geti la barabarani, anatumwa dukani. Mara nyingi ni binti wa miaka kumi na minane au ishirini, ametoka mkoa ambako hakuwahi kuona bwawa, na hajui kuogelea. Mtoto akizama, wa kwanza kupigiwa kelele ni yeye, wakati mwingine wa kwanza kupelekwa polisi. Nimemwona binti mmoja amekaa sakafuni nje ya chumba chetu cha dharura, hakuna aliyempa hata maji ya kunywa. Alikuwa ametumwa kununua nyanya. Kabla hujamkabidhi binti wa watu mtoto na bwawa kwa pamoja, jenga uzio. Weka na fimbo ndefu na boya lenye kamba mahali panapoonekana, mwonyeshe namna ya kuvitumia, umwambie wazi asijirushe majini kama hajui kuogelea. Kuna nyumba zilizopoteza watu wawili mchana mmoja.

Kumfundisha mtoto kuogelea ni vizuri, mfundishe. Lakini mtoto wa miaka mitatu aliyefundishwa kuogelea na mwalimu, akiwa na nguo ya kuogelea na boya mkononi, si mtoto yule yule anayeanguka kwa mshtuko akiwa na suruali na viatu.

Najua baadhi yenu mmefika hapa mkisema daktari leo anaongea na wenye nazo. Subirini. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto chini ya miaka mitano, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hao wengi wao hawakuzama kwenye mabwawa yenye vigae vya buluu. Walizama kwenye visima, madimbwi, mito, mashimo, ndoo. Kanuni ya pande nne ni ile ile. Tangi la maji la chini ya ardhi lenye mfuniko wa bati lililowekwa tu juu, ni bwawa. Shimo la msingi au la choo lililochimbwa kisha fedha zikaisha, masika yakija ni bwawa. Kisima cha uani kisicho na ukingo ni bwawa, na ndoo ya lita ishirini iliyojaa maji bafuni, kwa mtoto anayejifunza kusimama, ni bwawa pia. Mfuniko wa zege wenye kufuli, ukingo wa matofali unaofika kifuani mwa mtu mzima, kizuizi cha mbao kwenye mlango wa uani: hivi havihitaji kuagizwa nje. Bangladesh, ambako watoto wengi vijijini huzama kwenye madimbwi ya nyuma ya nyumba, wameanzisha vituo vya jamii vya kulelea watoto wadogo kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana, saa zile ambazo mama ana kazi nyingi. Huo nao ni uzio, wa watu.

Ikitokea ajali, toa mtoto majini, piga kelele watu waje, mmoja apige simu 112 au 114 na kutafuta gari. Usimning'inize kichwa chini, usimbinye tumbo ili "atapike maji." Unapoteza sekunde na unaweza kumfanya apaliwe. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu chake njia ya hewa ifunguke. Kama hapumui, mpe pumzi tano za mdomo, ukibana pua, kifua kikiinuka kila mara. Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako. Asipoonyesha dalili ya uhai, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kina cha theluthi moja ya kifua chake, kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Mtoto aliyezama akapoteza fahamu au akahitaji kupewa pumzi, hata akizinduka na kuomba juisi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mapafu yanaweza kubadilika saa chache baadaye.

Nina ombi moja kwa halmashauri zetu. Mnapokagua michoro kabla ya kutoa kibali cha ujenzi, mnaangalia karo liko wapi na maji ya mvua yanaelekea wapi. Mchoro ukionyesha bwawa, ulizeni na uzio wa pande nne uko wapi, na geti linafunguka upande gani. Wasanifu wataanza kuuchora tangu mwanzo, na ukichorwa tangu mwanzo hauharibu mandhari ya mtu. Gharama yake ndani ya bajeti ya bwawa zima, pamoja na vigae, pampu na zile taa za rangi za usiku, haitamrudisha mtu nyuma. Wamiliki wa nyumba za kupanga kwa siku, mnaopokea familia zenye watoto ambao hawajawahi kuiona nyumba hiyo, nanyi msisubiri kuambiwa.

Ndugu yangu wa Goba, mwonyeshe mama watoto gazeti hili, halafu mpelekee fundi kipande cha mbao cha sentimita 10. Mpaka uzio usimame, funga mlango wa nyuma na funguo ukae nao mfukoni. Akimaliza kazi nitumie video, si picha. Nataka kuliona geti likiachiwa kutoka upana wa kiganja, na nisikie komeo likijifunga.